Ubalda wa Saba

Saa ya mnara ilikufa siku ya tetemeko, saa kumi na mbili na dakika kumi, na tangu hapo mji wetu hauna wakati. Una mbuzi.

Nieleze, maana najua ninyi mmezoea maziwa yanayokaa kimya. Kwetu maziwa huja kwa miguu. Alfajiri mbuzi kumi na wawili huteremka barabara za mawe, mlango kwa mlango, pamoja na mchungaji wao na kengele ya mkononi. Kengele ikilia mlango unafunguliwa, mtu anatoa glasi, mbuzi wa mlango ule anakamwa palepale kizingitini, povu linapanda, mtu anakunywa amesimama, anafuta masharubu, kundi linakwenda zake. Kila mlango una mbuzi wake, na kila mbuzi anajua mlango wake. Wakifika kwa fundi mishumaa, kumekucha. Wakifika kwa watawa, jua limegusa ukuta. Wakifika uwanjani, ndege weusi wenye mikia mirefu wamemaliza kugombana mitini, mbwa wasio na bwana wamejinyoosha juu ya ngazi za kanisa, tumbusi wametandaza mabawa kwenye kuta zilizobomoka kama maaskofu wanaoanika majoho, na wanawake wa vilimani wametua mizigo yao ya bata mzinga waliofungwa miguu, wanaotazama mbingu kwa jicho moja kama watu waliokwisha kusomewa hukumu. Hiyo ndiyo saa mbili. Mlima wenye moshi nao unatoa moshi wake kidogo, kama mzee anayevuta kiko na hana haja ya kujibu.

Naupenda mji huu. Nasema hivyo kwa hasira. Waliujenga waliokuja na misalaba na farasi. Jina lake la kwanza limebaki midomoni mwa vikongwe wawili na kasuku mmoja, na kasuku ndiye anayelitamka vizuri. Kila jiwe la barabara lilibebwa na mgongo, wa baghala au wa babu yangu, na wenye mji hawakuona sababu ya kuitenganisha migongo hiyo.

Mimi ni Ubaldo, fundi wa matandiko. Sikwenda shule. Nilisoma matumbo ya matandiko: zamani yalijazwa magazeti na kurasa za vitabu vilivyopigwa marufuku, na kila nilipopasua tandiko kuukuu la kanali au la padri nilisoma nilichokikuta. Nusu ya hoja hapa, nusu ya jibu juu ya mgongo wa farasi mwingine. Ndiyo maana mawazo yangu yananuka jasho na hayana mwanzo. Swali moja tu nililikuta zima: nani alimpa mmoja kamba na mwingine shingo? Miaka hamsini naliuliza. Naliuliza kila asubuhi dirishani, kwa sauti, kabla sijashika sindano. Watu hupita. Paka hukaa. Paka kumi, kumi na watano, wa rangi zote, hukusanyika mlangoni pangu na kunitazama kwa macho ya wanafunzi. Na jiwe la kizingiti changu lina kibonde katikati, kimelika kama kiganja kilichokunjwa nusu, na siku zote nilijua kimechimbwa na nyayo za waliosimama pale kunisikiliza tangu enzi za mgomo.

Nilijua. Neno hilo liacheni hapo kwanza, tutalirudia.

Jumapili Nikanor alikufa. Nikanor mchungaji, mwenye kengele. Alikuwa kompadre wangu kabla hajawa adui yangu: alimshika binti yangu juu ya maji ya ubatizo, na kwetu jambo hilo huwafunga wanaume wawili kuliko kuzaliwa tumbo moja. Sikwenda kumzika. Jeneza lilipita chini ya dirisha langu, nami nikaendelea kushona hatamu. Sindano iliniingia kidoleni mara tatu. Sindano ilikuwa mbovu.

Jumatatu nikasikia kwato. Kengele hapana. Kwato tu.

Mbuzi walikuwa wametoka wenyewe. Mbele Kapitana, mweusi, mwenye pembe moja. Nyuma yake wale wengine kwa mpangilio wao wa kila siku. Walisimama kwa fundi mishumaa, wakangoja. Fundi akafungua, akatazama kushoto, akatazama kulia, akavua kofia. Kisha akachuchumaa akakama mwenyewe. Mlango uliofuata vivyo hivyo. Watu walitoka na glasi zao na nyuso za usingizi, wakakama, wakawapa mbuzi maganda ya ndizi, hakuna aliyesukumana, hakuna aliyekunywa mara mbili.

Nilitoka na aproni yangu ya ngozi nikawafuata kama mwendawazimu. Miaka hamsini! Kundi lisilo na mkono! Utaratibu usio na mtawala, wenye pembe na ndevu, unatembea mchana kweupe!

Tencha, anayefua nguo za nusu ya mji kwenye mabirika ya umma, alikuwa anamkama mbuzi wake huku beseni liko kichwani.

"Tencha! Unaona? Hakuna kengele! Wanajiongoza!"

"Naona, Don Ubaldo. Sogea, unamtisha. Maziwa yanarudi juu."

"Hili ndilo nililolisema miaka yote!"

"Umesema mengi miaka yote. Na hili lilikuwemo, sikatai."

Tulifika kona ya watengeneza sabuni. Hapo barabara ni pana, mikokoteni miwili inapishana. Lakini Kapitana alipunguza mwendo. Akageuza kichwa ile pembe isiguse kitu. Akabana mbavu, akapita. Wa pili naye akabana mbavu, akapita palepale. Kumi na wawili, mmoja mmoja, wakajipenyeza katika upenyo mwembamba wa hewa tupu, na walipotoka upande wa pili wakatawanyika tena.

Niliujua upenyo ule. Upana wake ninao moyoni.

Ilikuwa Jumatatu kama hii, wakati wa mgomo; pengine ni hiihii, maana mwanga haujabadilika. Gavana alikuwa ameyafungia maji mabirika ya umma, nasi tukaifunga barabara kwa mabenchi ya kanisa, vitanda vya kufumia na matandiko yangu yote. Siku ya tano akatokea Nikanor na mbuzi mmoja. Mke wa Gavana amejifungua, kifua chake kikavu, mtoto analia tangu juzi.

"Mtoto hana chama, kompadre," akaniambia.

Akasogeza benchi moja, akajipenyeza, akaenda. Alfajiri askari waliingia kwa upenyo uleule. Wawili wetu hawakuinuka tena. Mimi nililala gerezani miaka mitatu, na nilipotoka nilimwambia mbele ya mji mzima: maziwa yako hayatagusa kinywa changu, na kompadre usiniite. Naye tangu siku ile, kila asubuhi, miaka arobaini, akanikejeli: kengele yake ililia mlangoni pangu, nami nikafunga dirisha mpaka anyamaze na kuondoka. Nikifungua, naona paka wangu wamefika, naanza kuhutubu.

Mimi nakumbuka kwa mdomo, na mdomo hupenda kutengeneza. Mbuzi wanakumbuka kwa mbavu. Hakuna hata mmoja kati ya hawa kumi na wawili aliyekuwa amezaliwa, wala mama zao. Nani aliwaambia kuhusu benchi?

Uwanjani alitusubiri Fulgensio, karani wa baraza la mji, mtu mwenye viatu vinavyolia.

"Don Ubaldo, kundi hili la nani?"

"La miguu yake."

"Kwenye kanuni hakuna nafasi ya kuandika hivyo. Kundi linalopita barabara za mawe liwe na mkono wa kushika kengele. Jumamosi mchana, kama halina, linapelekwa machinjioni. Baraza limeshaamua."

"Na baraza linashikwa na mkono wa nani?"

"Usianze, tafadhali. Mimi mwenyewe nimekunywa ya Kapitana leo. Nakwambia haya huku masharubu yangu bado meupe kwa maziwa yake."

"Si ushike wewe hiyo kengele?" Tencha akanigeukia. "Asubuhi huna kazi zaidi ya kugombana na hewa."

"Mimi? Sijawahi kumtia kiumbe kamba!"

"Na hatamu unazoshona kutwa, ni za malaika?"

Watu walicheka. Hata Fulgensio alicheka, akajifanya anakohoa.

Mlango wa mwisho katika njia yao ulikuwa wangu. Walisimama. Akatoka katikati yao mbuzi mweupe mwenye ndevu na shingo ngumu, akaukaribia mlango, akageuza ubavu, akangoja. Paka nao wakajitokeza kwenye paa, kwenye mfereji, chini ya mkokoteni. Wote waliutazama mlango, nami nimesimama nyuma yao wote kama mgeni aliyekosea nyumba. Walingoja muda wa kujaza glasi moja. Kisha Kapitana akageuka, kundi likarudi zizini.

Niliingia ndani, nikafungua dirisha, nikaanza hotuba bora kuliko zote nilizowahi kutoa. Kabla sijafika kwenye shingo na kamba, paka wa kwanza aliondoka. Halafu wawili. Halafu wote. Jumanne walikuja watano, wakanusa kile kibonde, wakanitazama kwa dharau, wakaenda. Jumatano hakuja hata mmoja.

Mnaweza kucheka. Mtu aliyepigwa na askari wa magavana wanne ameumizwa na paka.

Jumatano hiyo nilikwenda kwa Donya Kasilda, mjane wa Nikanor. Nilijiambia nakwenda kumwomba aandike barua kwa baraza, kwamba kundi limeachwa huru kwa mapenzi yake. Nilimkuta zizini amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, magoti yamevimba, mkono wake uko kwenye kiwele cha yule mbuzi mweupe.

"Umechelewa mazishi kwa siku tatu," akasema bila kugeuka.

"Nimekuja kwa sababu ya kundi, Donya Kasilda. Mji umejionea. Wanatembea huru, hawana kiongozi."

"Kiongozi gani? Nikanor alikuwa anatembea nyuma. Miaka yote nyuma, anamwokota aliyechelewa. Wewe ulikuwa unafunga dirisha, utaonaje? Na huru wapi! Wanamtafuta. Wanapita kila mlango kumtafuta, maana kila mlango waliwahi kumwona."

Mbuzi alipiga teke, ndoo tupu ikalia.

"Unaona? Kiwele kimeanza kuwaka. Tangu Jumapili hajakamwa. Hataki mkono wa mtu isipokuwa kwenye mlango wake."

"Mlango gani?"

Sasa akageuka.

"Wako, Don Ubaldo. Huyu ni wako. Wote kumi na wawili wana mlango, na huyu ana wako. Huyu ni Ubalda."

"Nani?"

"Ubalda wa saba. Nikanor ndiye aliyewapa jina. Mweupe, mkaidi, anapiga kelele kabla ya jua: angemwita nani? Kila asubuhi alimkama mlangoni kwako, akangoja ufungue, usipofungua akayamwaga kwenye kizingiti. Alisema maziwa ya mlango hayapewi mlango mwingine. Jiwe lililika, Don Ubaldo. Maziwa ya miaka arobaini na ndimi za paka. Mji mzima unajua. Ni wewe tu uliyekuwa unahutubu."

Nilikaa chini kwenye majani. Kumbe. Kumbe hiyo ndiyo hadhira yangu. Mtu anaweza kuishi juu ya upendo wa mwenzake miaka arobaini na kuuita nyayo za wafuasi. Nilitaka kukasirika, maana hasira ndiyo fani niliyoisomea, nikaitafuta kila mahali, nikamkuta mtu mmoja tu wa kumkasirikia, naye alikuwa amevaa aproni yangu.

"Aliwapitisha askari," nikasema. Ilikuwa sauti ya mzee.

"Alimpitisha mbuzi mmoja. Na benchi, Don Ubaldo? Zamu ya benchi ilikuwa ya nani?"

Hapana. Hilo sikuwahi kuulizwa. Mahakamani hawakuuliza, gerezani hawakuuliza, magazeti ya matumboni hayakuuliza. Nikanor alikuwa analijua na hakulisema, wala mlangoni, wala ulevini, wala kitandani anakufa. Zamu ilikuwa yangu. Alisogeza benchi akapita, nami nikasimama juu ya tandiko nikamtukana mgongoni, nikamtukana mpaka alipokunja kona, nikamtukana alipokuwa hayupo tena, sauti yangu ilikuwa nzuri siku hiyo, watu walinipigia makofi. Benchi lilibaki pembeni, pale alipolisogeza. Nilikuwa nazungumza.

Alhamisi sikufungua. Naandika ili ijulikane. Ubalda alisimama mlangoni, nikamsikia akipumua, mguu mmoja wa nyuma hakuukanyagia vizuri, nami nilikuwa upande wa pili wa ubao, glasi mkononi, na mkono haukufika kwenye komeo. Miaka arobaini ina uzito wake. Mtu akifungua anakubali kwamba angeweza kufungua jana, na juzi, na siku ile mvua ilipokuwa inamnyeshea kompadre wake na kengele.

Ijumaa nilifungua.

Hakushangaa. Aligeuza ubavu kama aliyeniona jana. Nilichuchumaa, magoti yakalia kuliko viatu vya Fulgensio, nikashika chuchu kwa vidole vya kushonea ngozi, nikavuta. Alinipiga teke la kifua nikaanguka chali barabarani. Dirisha la jirani likacheka.

"Usivute, Don Ubaldo!" Tencha alikuwa amekuja, beseni liko kichwani. "Hiyo siyo kamba. Bana juu kwa kidole gumba na cha shahada, halafu shusha vidole vingine. Mwambie kitu."

"Nimwambie nini?"

"Yeye ni wewe. Ungependa kuambiwa nini?"

Niliinama mpaka sikio lake. Nilichomwambia ni changu na chake. Maziwa yakatoka, kwanza mazito na ya moto, nikayamwaga pembeni kama Tencha alivyoniagiza, kisha safi, yenye sauti ile ya mvua inayoanza juu ya glasi. Ubalda alishusha kichwa akafumba macho. Nusu nilimimina kwenye kibonde. Nusu nikanywa nimesimama, nikavunja kiapo mbele ya paka watatu na mfua nguo mmoja. Yalikuwa matamu. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi ya yote: yalikuwa matamu muda wote huo.

Jumamosi Donya Kasilda alinipa kengele ikiwa imefungwa kwenye shati la Nikanor. Mbuzi walitoka, nami nikawa nyuma. Kila mlango nilibisha kwa kengele, kila mlango ulifunguliwa, na hakuna aliyesema neno la kejeli. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulibeba.

Kwenye kona ya watengeneza sabuni walibana mbavu wakapita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika niligeuka ubavu, nikavuta tumbo ndani, nikajipenyeza. Kisha nikarudi, nikainama, nikashika ncha ya benchi lisilokuwepo.

"Unafanya nini, Don Ubaldo?" Tencha aliuliza.

"Narudisha benchi."

Alinitazama kidogo. Akatua beseni lake chini.

"Haya. Ngoja nishike huku, usije ukajivunja mgongo."

Tuliliinua wawili. Lilikuwa zito. Tukaliweka mahali pake, akajifuta mikono kwenye sketi, akachukua beseni lake.

Uwanjani Fulgensio alikuwa na karatasi, na mtu wa machinjioni alikuwa na kamba. Fulgensio aliiona kengele, akamkonyeza mtu wa kamba aende zake.

"Kwa hiyo kundi ni lako."

"Andika kwamba mkono upo."

"Nitaandika. Na jina la mwenye kundi?"

"Nikanor."

"Don Ubaldo, Nikanor amekufa."

"Mbuzi hawajaambiwa."

Alifikiri, viatu vikalia mara mbili. Akaandika.

Tukafika mlango wa mwisho. Kundi lilisimama. Ubalda wa saba akajitenga na wenzake, akakaribia, akageuza ubavu. Paka walikuwa wamejaa paa zima. Mlango ulikuwa umefungwa, dirisha limefungwa. Mwenye nyumba alikuwa nje, ameshika kengele, na bado nilijua kuna mtu ndani. Nilimsikia. Alikuwa amesimama nyuma ya ubao, anapumua kwa hasira, ana uhakika kwamba anakejeliwa.

Niligonga kengele.

Hakufungua. Nilichuchumaa nikamkama Ubalda taratibu, bila kelele, nikangoja tena muda wa kujaza glasi moja, maana pengine leo. Pengine leo.

"Kompadre," nikamwita.

Kisha nikayamimina kwenye kibonde, mpaka tone la mwisho, nikawapisha paka.